Tuta Lirudi Nyuma: Shajara ya Mradi wa Kuzuia Maji ya Chumvi Bondeni, Kaskazini Pemba

Februari 2024

Kamati ya bonde imepata idhini ya shehia pamoja na fedha za awamu ya kwanza, na kuanzia mwezi huu kazi itaandikwa katika shajara hii ili wanakijiji wenyewe, maofisa wa kilimo na misitu, na wenzetu wa shehia nyengine zilizoingiwa na maji ya chumvi waweze kufuatilia kinachofanyika na sababu zake. Bonde lenyewe liko Wilaya ya Micheweni. Ukitokea baharini unaanza na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, lenye mikoko, kisha unafika kwenye uwanja mtupu uliokuwa shamba la chumvi na sasa umeachwa, kisha tuta la udongo ambalo wazee walilijenga zamani kwa majembe na makarai. Nyuma ya tuta hilo ndipo yalipo majaruba ya mpunga, ambayo mengi yake yanalimwa na wanawake.

Ukaguzi wa awali umefanyika kwa kupita jaruba moja baada ya jengine tukiwa na wenyewe. Katika majaruba ya mbele, yaani yale yanayopakana na tuta, udongo uliokauka una ukoko mweupe wa chumvi unaobanduka kwa ukucha, na mpunga uliopandwa Disemba ulipauka ncha kwanza, kisha majani yakajikunja na kuwa ya kahawia kana kwamba moto umepita juu yake. Majaruba ya kati bado yana mpunga, lakini mashuke ya msimu uliopita yalikuwa na mapepe, yaani maganda matupu, mengi kuliko punje. Mpunga ni miongoni mwa nafaka zinazoathirika upesi na chumvi: mavuno huanza kupungua uchumvi wa udongo unapovuka desisimensi 3 kwa mita (ndicho kipimo cha uchumvi), na kila desisimensi inayoongezeka hapo hupunguza takriban asilimia 12 ya mavuno. Kipima chumvi alichotuazima bwana shamba kimeonesha kwamba majaruba ya mbele yamekwisha kuvuka kiwango hicho kwa mbali, na kwamba yale ya kati yako ukingoni.

Katika mkutano wa kwanza mzee mmoja mvuvi aliuliza bahari imepanda kiasi gani hata itunyang'anye bonde ambalo babu zake walilima bila ya taabu. Swali hilo linastahili jibu kamili. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Kasi yenyewe imekuwa ikiongezeka: milimita 1.3 kwa mwaka hadi mwaka 1971, na milimita 3.7 kwa mwaka katika kipindi cha 2006 hadi 2018. Takriban nusu ya ongezeko lililotokea tangu mwaka 1971 limetokana na maji ya bahari kutanuka kwa sababu ya joto, na sehemu kubwa ya iliyobaki imetokana na kuyeyuka kwa barafu ya milimani na ya nchi za ncha za dunia. Kipimo cha maji kilichopo bandari ya Unguja, ambacho kimekuwa kikirekodi tangu mwaka 1984, kinaonesha kwamba kwetu maji hayapandi kwa mstari ulionyooka, kwani iko miaka yanayoshuka na iko miaka yanayopanda kwa haraka.

Mzee akasema, na ni kweli, kwamba milimita nne haziui mpunga. Kinacholeta maji bondeni ni bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika bamvua kubwa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika visiwa vyetu hufika takriban mita 4, na kwa mwaka mzima zipo siku chache tu ambazo maji hufika kwenye usawa wa tuta. Bahari ikipanda sentimita kumi, siku hizo huongezeka, na bamvua ambayo zamani iliishia kwenye mizizi ya mikoko sasa inafika kwenye majaruba. Katika bonde tambarare kama hili, sentimita tano za kwenda juu ni hatua nyingi za kwenda bara, na maji ya chumvi yakiingia mara moja katika msimu, wakati mpunga unatoa maua, msimu huo umekwisha.

Aprili 2024

Idi imepita, na pamoja nayo bamvua tuliyokuwa tukiisubiri. Idi ya Mwezi wa Ramadhani siku zote huangukia kwenye mwezi mwandamo, na kwa hiyo siku zote huwa ni bamvua. Mwaka huu imeangukia Aprili 10, karibu na majira ambayo usiku na mchana hulingana, ambapo bamvua huwa kubwa zaidi kuliko nyengine za mwaka. Vigingi vyenye alama za sentimita vilikuwa vimekwisha kukitwa kutoka horini mpaka kwenye jaruba la tatu, na vijana wa kamati walivisoma alfajiri na alasiri, kwa kuwa katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa baada ya saa kumi na hupwa baada ya saa nne.

Matokeo yamebadilisha mpango mzima. Wengi wetu tuliamini kwamba maji yanaruka juu ya tuta, na ombi lililopelekwa kwa mfadhili lilikuwa la kuliinua tuta hilo hilo, mahali pale pale, kwa kiasi cha dhiraa moja. Juu ya tuta maji yalipita sehemu moja tu, pale ambapo njia ya ng'ombe imelikata. Kwengineko kote yalipita chini na ubavuni: kwenye mashimo ya kaa yaliyotoboa udongo kutoka upande hadi upande, na kwenye bomba la zege la zamani ambalo mlango wake wa mbao umeoza. Bi mmoja mwenye jaruba karibu na bomba hilo alituonesha mahali ambapo maji hububujika kutoka ardhini kimyakimya wakati kila mtu anaangalia baharini, na tulipoweka kipimo tukakuta maji hayo yana chumvi sawa na ya horini.

Jambo la pili lililoonekana ni kuta za shamba la chumvi. Kuta hizo, ambazo zilijengwa ili kuyafungia maji yakauke, zimeubana mkondo wa hori hata maji ya bamvua yanakosa pa kutawanyika na kuja moja kwa moja kwenye mguu wa tuta. Ndani ya kuta hizo hakuoti kitu. Maji huingia wakati wa bamvua, hukwama wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, hukauka, na chumvi hubaki, hata ardhi imekuwa na chumvi kupita bahari yenyewe.

Mei 2024

Kimbunga Hidaya kimepiga Mafia tarehe 4 Mei. Pemba hatukuguswa na pepo zake kama walivyoguswa ndugu zetu wa kusini, na vimbunga ni nadra katika latitudo zetu, ingawa kile cha Aprili 1872 kilichoiharibu Unguja hakijasahaulika.

Mvua za masika zimetufundisha jambo. Majaruba ambayo maji yake ya mvua yalipata njia ya kutoka yameshuka uchumvi kwa kiasi kinachoonekana kwenye kipimo, kwa sababu maji matamu yameiyeyusha chumvi na kuondoka nayo. Majaruba ambayo maji yamekwama nyuma ya tuta yamebaki vile vile, maana maji yalipokauka chumvi ilirudi pale pale ilipokuwa. Kwa hiyo tuta peke yake, hata likiwa refu namna gani, haliliponyi bonde lililokwisha kuingia chumvi. Linahitajika tuta lenye mlango unaoruhusu maji matamu kutoka wakati wa kupwa na kuzuia maji chumvi kuingia wakati wa kujaa, na inahitajika mifereji ya kuyafikisha maji ya mvua kwenye mlango huo.

Agosti 2024

Ingizo hili ni refu kwa kuwa jambo lenyewe limechukua muda mwingi kuliko kazi yoyote ya mikono, nalo ni hili: tuta jipya liwekwe wapi.

Pendekezo la mwanzo, la kuliinua tuta la zamani, lilikuwa na wafuasi wengi kwa sababu halimwondoi mtu. Pendekezo la pili lilitoka kwa baadhi ya vijana waliouona ukuta wa zege uliokamilishwa mwaka 2018 kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, na wakauliza kwa nini Pemba wapewe udongo wakati Dar es Salaam wamepewa zege. Malalamiko yao yana msingi, na nimeyaandika katika ripoti iliyokwenda wilayani bila ya kuyapunguza makali. Hata hivyo ukuta ule unalinda barabara na majengo ya mji, mahali ambapo maji yanapiga usoni. Bondeni maji yanapita chini ya ardhi, na ukuta wa zege uliosimamishwa juu ya tope laini bila ya msingi wa kina ungepasuka, na gharama ya msingi kama huo haimo katika uwezo wa mradi wa shehia.

Pendekezo la tatu ni la afisa misitu, nalo ndilo ambalo kamati imelikubali baada ya vikao vilivyorudiwa mara kwa mara: tuta jipya lirudi nyuma, lijengwe kati ya majaruba ya mbele na majaruba ya kati, na eneo litakaloachwa mbele yake lirudishiwe bahari na mikoko. Hoja yake nitaieleza kama nilivyoielewa. Mikoko inaweza kupanda pamoja na bahari, kwa sababu mizizi yake hukamata tope na ardhi iliyo chini yake huinuka kidogo kidogo, lakini uwezo huo una mpaka: utafiti uliofanywa katika pwani nyingi za dunia unaonesha kwamba bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 au 7 kwa mwaka, mikoko huanza kushindwa kwenda nayo. Kabla ya hapo na baada ya hapo, kinachoiokoa ni nafasi ya kusogea bara. Tuta likiwekwa kwenye kisigino cha mikoko, basi mikoko imebanwa kati ya maji yanayopanda na udongo ulioshindiliwa, nayo itakufa pale pale ilipo. Na ikishafa, mawimbi yatalipiga tuta lenyewe bila ya kizuizi. Ukanda wa mikoko ulio hai mbele ya tuta ndio unaolipunguzia tuta kazi.

Nimelikubali pendekezo hilo kwa moyo mzito, na sina sababu ya kuuficha uzito huo, kwa sababu majaruba ya mbele yana wenyewe. Wapo akina mama ambao jaruba hilo ndilo pekee walilonalo. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mkulima ana haki ya kuitumia. Haki hiyo ni ya kweli, lakini anayepoteza jaruba la mpunga lililokwisha kuingia chumvi hana hati ya kupeleka popote akadai fidia ya bahari. Bi mmoja alisimama mkutanini akasema kwamba jaruba lake limezaa wali wa hitima ya mama yake na wali wa harusi ya mwanawe, na kwamba kamati inamwambia alitoe sadaka ili jaruba la mwenzake lipone. Hakuna aliyemjibu kwa haraka, na ilikuwa haki kutomjibu kwa haraka.

Uamuzi uliofikiwa, na ambao umeandikwa katika daftari la sheha mbele ya mashahidi, ni kwamba kila mwenye jaruba la mbele atapewa sehemu nyuma ya tuta kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Sehemu hizo zitapatikana kwa wenye majaruba makubwa ya kati kupunguza kila mmoja kipande, na kwa kulifungua eneo la juu la bonde ambalo limejaa magugu tangu mfereji wake uzibe. Baadhi ya wenye majaruba ya kati wamekubali kwa hiari. Wengine wamekubali baada ya kuoneshwa vipimo vya chumvi vya majaruba yao wenyewe, maana wameona kwamba zamu yao haiko mbali.

Kuhusu kimo cha tuta, kamati imezingatia mambo mawili. La kwanza ni makadirio ya ripoti ya mwaka 2021, ambayo yanaonesha kwamba kufikia mwaka 2100 bahari inaweza kupanda kati ya sentimita 28, ikiwa dunia itapunguza hewa ukaa kwa kasi kubwa sana, na zaidi kidogo ya mita 1 ikiwa haitapunguza, kwa kulinganisha na usawa wa miaka ya 1995 hadi 2014. La pili ni mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6, ambao katika pwani zenye kujaa mara mbili kwa siku kama yetu huyakuza na kuyapunguza maji kwa zamu. Katika miaka hii tuko kwenye kipindi cha kupunguzwa, na kipindi cha kukuzwa kitafika katikati ya miaka ya 2030, ambapo bamvua zitaongezeka sentimita kadhaa juu ya zile zinazoletwa na kupanda kwa bahari. Anayelipima tuta lake kwa bamvua za leo anajipima kwenye miaka ya nafuu. Kwa kuwa hatuna fedha za kujenga leo tuta la mwaka 2100, tumeamua kitako cha tuta kiwe kipana tangu mwanzo, ili kila baada ya miaka kadhaa liweze kuongezwa udongo juu bila ya kulibomoa.

Oktoba 2024

Kuta za shamba la chumvi zimevunjwa. Kazi imefanywa kwa msaragambo, yaani kwa kujitolea pamoja, wanaume wakichimba na wanawake wakihamisha tope kwa makarai, wakati wa maji mafu ili mkondo usituharakishe. Kuta hazikubomolewa zote. Zimefunguliwa pale ambapo wazee walikumbuka vijito vya zamani vilipokuwa vikipita, na mfereji mkuu umechimbwa kuvifuata vijito hivyo. Bamvua ya katikati ya mwezi, ambayo imekuwa kubwa mno kwa kuwa mwezi mpevu ulikuwa karibu na dunia, imeingia kwenye uwanja mzima na kutoka yote. Kwa mara ya kwanza tangu shamba hilo liachwe, uwanja umeachwa na maji yakiwa yanatembea, bila ya kidimbwi.

Hatujapanda mche hata mmoja hapa, na wapo wanaolalamika. Wanakumbuka kwamba miaka ya nyuma mradi mmoja ulileta miche mingi ya mkoko, ukaipanda kwa siku moja watu wakipigwa picha, na miche yote ikafa. Iko ile iliyopandwa ndani ya kuta za chumvi, ambako maji yalikuwa yamekwama, na iko ile iliyopandwa chini sana ufukweni, ambako mkoko hufunikwa na maji kwa muda mrefu kuliko unavyostahimili. Kila aina ya mti katika jamii ya mikoko ina daraja lake. Mlilana hukaa mbele kabisa, mkoko wenyewe hufuata kwenye tope laini, kisha msinzi na mkandaa, na kikandaa hukaa nyuma karibu na nchi kavu; mchu hupatikana mbele na nyuma kwa kuwa unastahimili chumvi kuliko wenzake. Daraja hizo zinatokana na muda ambao maji yanakaa, na tofauti ya shibiri moja ya usawa wa ardhi inatosha kuua mti. Kwa hiyo maji yametangulizwa, na bahari yenyewe ipewe msimu mmoja wa kuleta mbegu. Tutapanda tu pale ambapo mbegu hazitafika.

Katika kikao cha mwezi huu imejadiliwa pia habari ya Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, ambako tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki za hewa ukaa (malipo kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko), na mapato yake yamepeleka maji na vitabu vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Baadhi ya wajumbe wangependa nasi tuanze mara moja. Msimamo wa kamati ni kwamba eneo letu ni dogo mno kuweza kubeba peke yake gharama za ukaguzi wa biashara hiyo, na kwamba jambo hilo litafaa kuzungumzwa iwapo shehia za jirani zitaungana nasi.

Januari 2025

Tuta linaendelea. Udongo wa mfinyanzi unachimbwa kilimani na kushindiliwa kwa tabaka, na kila tabaka linamwagiwa maji kabla ya jengine kuwekwa, ili kaa wapate taabu kulitoboa. Katikati ya tuta umechimbwa mtaro mwembamba ulioteremka chini ya usawa wa tope na kujazwa mfinyanzi mtupu, kwa sababu ya yale maji yaliyokuwa yakibubujika chini. Mlango wa maji umetengenezwa na seremala wa kijijini: ubao mzito ulioning'inizwa kwa bawaba upande wa bahari wa bomba, ambao maji yakijaa huusukuma ukafunga, na yakipwa maji matamu huusukuma ukafunguka. Mpira wa gurudumu kuukuu umekatwa na kugongomewa ukingoni mwake ili uzibe vizuri.

Lengo ni kumaliza kabla ya Ramadhani, kwa kuwa kubeba udongo na saumu ni mzigo ambao kamati haitaki kumtwisha mtu.

Aprili 2025

Bamvua ya Idi, iliyoangukia mwisho wa Machi, ndiyo iliyokuwa mtihani. Maji yalifika kwenye tuta jipya kwa alasiri kadhaa mfululizo na hayakupita juu. Mlango ulifunga, isipokuwa alfajiri moja ambapo kijiti cha mkandaa kiliingia kwenye ukingo wake na kuuacha wazi kwa upana wa vidole viwili. Jaruba lililo karibu liliingia maji kabla ya mlinzi kukitoa. Wavu wa kuzuia takataka umewekwa siku ya pili yake, na imeamuliwa kwamba kila bamvua awepo mtu wa zamu kwenye mlango alfajiri na alasiri, apatiwe posho kutoka mfuko wa kamati. Mlango usio na mlinzi hautegemewi.

Katika uwanja uliokuwa shamba la chumvi michipukizi ya mchu imeota yenyewe kando ya mfereji, mingi ikiwa na majani mawili manene tu, na maganda ya mbegu bado yamegandamana na tope pembeni yake. Kaa wa matope wamerudi kwenye mfereji. Katika sehemu ya katikati, ambako mbegu hazikufika, akina mama waliokuwa na majaruba ya mbele wamepewa kazi ya kuokota na kupanda mbegu za mkoko, wakichagua zile tu zilizotoa pete ya manjano karibu na kichwa, ambayo ndiyo dalili ya kukomaa. Kazi hiyo inalipwa, na wamepewa wao kwanza kwa makubaliano ya Agosti.

Julai 2025

Mavuno yamekwisha kuingia majumbani. Majaruba ya kati yametoa mpunga wenye punje, na wenyewe wanasema mapepe yamepungua sana kulinganisha na misimu iliyotangulia. Kipima chumvi kinakubaliana nao, ingawa majaruba mawili yaliyo karibu na tuta bado yako juu ya kiwango na yatahitaji masika nyengine ya kuoshwa. Bwana shamba ameahidi mbegu za mpunga za SATO, zilizotolewa nchini kwa ajili ya udongo wenye chumvi, zijaribiwe katika majaruba hayo mawili msimu ujao badala ya kuyaacha wazi.

Eneo la juu la bonde limefunguliwa kwa sehemu tu. Mfereji wake umezibuliwa, lakini magugu yamechukua nguvu kazi nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na kwa sababu hiyo wapo akina mama wa majaruba ya mbele ambao hawakulima mwaka huu. Hawa wamejikimu kwa malipo ya kupanda mikoko na kwa mwani, ambao nao una matatizo yake, kwa kuwa maji yenye joto yameufisha mwani mnene wenye bei nzuri katika fukwe nyingi za visiwa vyetu. Kamati inahesabu jambo hili kuwa ni deni lake, limeandikwa hivyo katika daftari la sheha, na halitafutwa mpaka kila mmoja wao awe na jaruba lililopandwa.

Visima viwili vilivyo pembezoni mwa bonde vimeingizwa katika orodha ya vipimo vya kila mwezi, kwa kuwa wanaovitumia wamesema maji yake yana ladha ya magadi wakati wa kaskazi. Wilaya imeombwa mtaalamu wa maji aje kabla ya vuli. Vigingi vitasomwa tena katika bamvua za Septemba na Oktoba, na matengenezo ya tuta, pamoja na kuziba mashimo ya kaa yaliyoonekana upande wa kaskazini, yamepangwa kufanyika katika maji mafu yatakayotangulia bamvua hizo. Kazi ya kwanza ya Agosti ni kumaliza kulima eneo la juu.